Kabla ya Kutandika Zulia, Fikiria Kifua cha Mtoto

Ndugu msomaji, baadhi ya familia za parokia zetu zina mtoto, kaka au shangazi anayeishi Uingereza. Ndugu hao wakipangishwa nyumba na halmashauri ya mji, mara nyingi hukabidhiwa sakafu tupu ya saruji au mbao. Baridi ya huko ni kali, na watoto hucheza chini. Kwa hiyo jambo la kwanza wanalolifikiria ni kununua zulia la kufunika chumba kizima, toka ukuta hadi ukuta.

Wazo hilo ni jema. Lakini zulia la namna hiyo halifanani na mkeka au busati letu, ambalo hutolewa nje, likakung'utwa na kuanikwa juani. Likishatandikwa halitoki kwa miaka mingi, na kila kilichomo ndani yake hukaa pamoja na familia. Ndiyo maana maswali ya afya yafaa yaulizwe kabla ya kulipa fedha.

Ni nini kinachoishi ndani ya zulia?

Wapo wadudu wadogo sana waitwao utitiri wa vumbi. Mmoja ana urefu wa kama robo ya milimita, hivyo si rahisi kumwona kwa macho. Hawaumi wala hawafyonzi damu. Chakula chao ni magamba ya ngozi yanayopukutika miilini mwetu kila siku. Shida ni kinyesi chao, ambacho hukauka na kuwa vumbi. Mtu mwenye mzio akivuta vumbi hilo hupiga chafya na macho humwasha. Mwenye pumu hubanwa kifua. Uhusiano huo ulionyeshwa na watafiti wa Leiden, Uholanzi, katika miaka ya 1960.

Utitiri hawanywi maji, bali hupata unyevu kutoka hewani. Hewa ikiwa kavu kwa muda mrefu, unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 50, hufa. Sasa tazama nyumba ya Uingereza wakati wa baridi: madirisha yamefungwa, moto umewashwa, nguo zimeanikwa ndani, na chungu kinatokota jikoni. Hapo utitiri wamepata makao mazuri.

Je, mtoto mwenye pumu asiwe na zulia kabisa?

Tuseme ukweli: kuondoa zulia peke yake si tiba ya pumu. Utitiri hukaa hata kwenye godoro, mito na mablanketi, na huko ndiko mtoto anakolaza uso wake usiku kucha. Hata hivyo, kama fedha haitoshi vyumba vyote, chumba cha mtoto huyo kiwe cha mwisho kupata zulia. Sakafu ya mbao, au ile tunayoiita kapeti la plastiki, hupigwa deki ikaisha kazi. Ili asikanyage baridi, awekewe busati dogo kando ya kitanda, linaloweza kufuliwa kwa maji ya nyuzijoto 60. Joto hilo huua utitiri. Shuka na foronya zake zifuliwe hivyo hivyo kila juma. Na dawa ya kuvuta aliyopewa na daktari isiachwe, hata nyumba ingekuwa safi namna gani.

Tazama kwanza kilicho chini

Hili ndilo jambo la hatari kuliko yote. Nyumba yo yote ya Uingereza iliyojengwa kabla ya mwaka 2000 yaweza kuwa na asbesto. Asbesto ya buluu na ya kahawia zilipigwa marufuku huko mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Vigae vya zamani vya plastiki sakafuni, na gundi nyeusi iliyovibandika, huweza kuwa nayo. Vikiwa vizima na vikiachwa mahali pake, hatari yake ni ndogo. Hatari huja vinapobanduliwa, kuparuzwa, kusuguliwa kwa msasa au kupasuliwa kwa misumari. Nyuzi zake huruka hewani na kuingia mapafuni, na saratani inayotokana nazo huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au hata 40.

Baba anayevunja vigae hivyo Jumamosi ili kuokoa fedha za fundi hatasikia maumivu yo yote Jumapili. Ndiyo maana wengi hudanganyika. Ukivikuta vigae vya zamani, usiviguse. Mwarifu mwenye nyumba au halmashauri, vikapimwe.

Angalia pia unyevu. Bandika kipande cha plastiki juu ya saruji, ziba pande zote kwa utepe, ukiache siku moja au mbili. Matone yakitokea chini yake, sakafu ina unyevu, na zulia litaota ukungu kwa chini bila wewe kuona. Kwa sababu hiyo hiyo, zulia lisiwekwe bafuni.

Kununua kwa kipimo

Mazulia ya huko huuzwa kwa mita za mraba, yakikatwa kutoka magombo ambayo mara nyingi yana upana wa mita 4 au 5. Chumba cha mita 3.6 kwa 4.2 kina mita za mraba 15.12. Lakini kwa gombo la mita 4 utakatiwa urefu wa mita 4.3, pamoja na ziada ya kupunguza kandokando, nawe utalipia mita za mraba 17.2. Uliza kama bei ina ndani yake sponji ya kuweka chini, fito za kushikia, kazi ya fundi na kuondoa zulia la zamani. Nyuzi fupi zilizobanana ni rahisi kusafisha kuliko nyuzi ndefu.

Siku ya kutandika

Zulia la zamani huwa na vumbi la miaka. Likunjwe polepole, lisikung'utwe ndani, na mwenye pumu asiwepo. Omba zulia lishikwe kwa fito za mbao zenye vijisumari kandokando ya ukuta, badala ya gundi. Harufu ya zulia jipya hutoka hasa kwenye mgongo wake wa mpira, na gundi huiongeza. Madirisha yafunguliwe siku mbili au tatu, na watoto walale chumba kingine.

Anayetandika mwenyewe alinde magoti. Mafundi hulivuta zulia kwa chombo kinachogongwa kwa goti, na wengi wao huvimba magoti kwa kazi hiyo. Avae vikinga magoti, na chombo hicho akitumie kidogo tu.

Matunzo

Viatu vivuliwe mlangoni. Mashine ya kufyonza vumbi ipitishwe mara mbili au tatu kwa juma, mtoto mwenye pumu akiwa nje ya chumba, kwa sababu mashine hutimua vumbi. Madirisha yafunguliwe kidogo kila siku, hata wakati wa baridi. Maji yakimwagika, yakaushwe siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, utakapompigia simu ndugu yako aliyeko huko, naye akakueleza rangi ya zulia alilolichagua, mwulize mambo mawili kabla hajalipa: chini ya sakafu ile kuna nini, na ni nani atakayelala chumba kile?