Utamu wa muvi ya kutisha ni kwamba ina mwisho

Ukitazama Get Out ukiwa Ukunda, una kitu ambacho mtazamaji wa Chicago hana. Mwanzoni kabisa, majina ya waigizaji yakipita na miti ikikimbia kando ya barabara, unasikia sauti zikiimba kwa mnong'ono. Zinaimba kwa Kiswahili! Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, mtunzi wake ni Michael Abels, na ujumbe wake ni onyo: wasikilize waliokutangulia, kimbia ujiokoe. Chris, kijana Mweusi anayepelekwa kwa wazazi wa mpenzi wake Mzungu, hana habari. Watazamaji wengi duniani nao walisikia sauti tu. Wewe umeelewa, na tangu hapo roho haitulii.

Na si hilo tu linaloifanya iwe karibu nasi. Daniel Kaluuya, anayemwigiza Chris, alizaliwa London na wazazi wake wametoka Uganda. Mwelekezi Jordan Peele aliitengeneza kwa takriban dola milioni 4.5, ikatoka 2017 na kuingiza zaidi ya dola milioni 250. Mwaka uliofuata akabeba Oscar ya mswada bora asilia.

Sasa tuulizane. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, ametoka kazini hotelini Diani miguu inauma, anunue bando ili akae atishwe?

Jibu la kwanza liko ndani ya wimbo huo. Unajua jambo ambalo mhusika halijui. Yeye anashika kitasa cha mlango, nyinyi mlioko sebuleni mnapiga kelele: "Usifungue weye! Toka hapo, manze!" Anafungua. Mnaruka wote, kisha mnacheka wote. Hatari ni yake. Wewe uko kwenye mkeka, sahani ya viazi karai iko mapajani, na binamu amekukaba mkono hadi damu haipiti. Ndiyo maana muvi hizi hunoga zaidi mkiwa wengi. Ukitazama peke yako, hakuna wa kucheka naye baada ya kushtuka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus kule Denmark walilipima jambo hili. Waliwafunga watu 110 vifaa vya kupima mapigo ya moyo, wakawapitisha kwenye nyumba ya kutisha iliyotengenezwa kwa burudani. Matokeo yalichapishwa 2020: hofu ikiwa kidogo mno, mtu anachoka, ikizidi, raha inapotea. Utamu uko katikati. Wewe hukuhitaji kwenda Denmark. Lifikirie embe la pilipili linalouzwa ufuoni. Bila pilipili limepooza, na ukimwagiwa kikopo kizima utalitema. Kila mtu na kipimo chake, kwa hivyo usimcheke rafiki yako anayefunika uso kwa leso.

Pwani Kusini tulifundishwa kanuni za mchezo huu kabla hata ya kuwa na runinga. Kisa cha yule mwanamke unakijua. Dereva anatoka Likoni usiku, anaelekea Msambweni au Lunga Lunga, anamkuta mrembo wa buibui kando ya barabara anaomba lifti. Angalia msimulizi mzuri anavyokileta. Hakuambii mapema kwamba huyo ni jini. Anaanza na manukato yaliyojaa garini. Kisha anakwambia abiria hajibu salamu. Kisha kitu kinaanguka chini, dereva anainama kukiokota, na hapo ndipo anapoona miguu. Kwato! Kwato zikitajwa mwanzoni, kisa kimekufa.

Steven Spielberg aliifuata kanuni hiyo kwa kulazimika. Mwaka wa 1975 ilitoka Jaws yake, muvi ya papa anayekula watu. Papa wa mashine aliyeundwa kwa kazi hiyo akawa anaharibika kila mara kwenye maji ya chumvi. Basi Spielberg akamficha, akatuonyesha maji, miguu ya waogeleaji na muziki wa noti mbili. Papa mwenyewe unamwona waziwazi baada ya zaidi ya saa nzima. Wewe papa umemzoea akiwa mkavu, kwenye mchuzi wa nazi. Lakini ukishaitazama Jaws, nenda kaogelee Diani jioni. Mwani ukikugusa unyayo tu, utatoka majini kama umeitwa.

Jambo la tatu ni sauti. John Carpenter, mwelekezi wa Halloween ya 1978, alitunga muziki wake mwenyewe, ile piano inayorudiarudia. Amewahi kueleza kwamba kabla ya kuuweka, alimwonyesha muvi hiyo mkubwa mmoja wa studio na hata hakushtuka. Jaribu leo: weka muvi unayoiogopa, zima sauti kabisa, uone. Yule muuaji anakuwa jamaa tu aliyevaa barakoa, anatembea polepole kama mtu aliyekosa matatu.

A Quiet Place ya 2018 iligeuza hesabu hiyo. Humo viumbe wanawinda kwa kusikia, kwa hivyo anayeangusha kikombe amejiitia kifo. Katika sehemu ya 2024, Day One, mhusika mkuu ni Lupita Nyong'o wetu. Hii usiitazamie karibu na steji ya tuktuk, utaiharibu bure. Ngoja usiku, stima ikiwepo, bodaboda zimepungua, mtaa umelala.

Na ukitaka kuona Lupita anavyoweza kukunyima usingizi, tafuta Us ya 2019. Familia iko likizoni karibu na ufuo wa Santa Cruz. Usiku watu wanne wamesimama nje ya nyumba wameshikana mikono, na sura zao ni zilezile za familia iliyo ndani. Lupita anaigiza mama wa ndani na mama wa nje, kila mmoja na sauti yake na mwendo wake.

Hata hivyo, muvi za kwetu zina makali ambayo Marekani haiyafikii. Living in Bondage, ile ya Nigeria ya 1992, ni ya mume anayemtoa mkewe kafara apate utajiri, halafu mzimu wa mke unamwandama. Miaka ya 2000, Mussa Banzi wa Tanzania akatuletea Nsyuka, kisha Shumileta. Picha hazikuwa safi, na ujanja wa kamera ungeweza kuuona ukiwa mbali. Lakini zilitisha. Muuaji wa Halloween akija, unajipa moyo kwamba huko ni Marekani. Jini anayezungumza Kiswahili na kupita kwenye vichochoro kama vya kwenu, huyo utamwambia nini?

Hapa ndipo tunapofaa kuwa macho. Katika nyingi ya muvi zetu, ukiuliza mchawi ni nani, jibu ni lilelile: bibi kizee anayeishi peke yake, kibanda kiko ukingoni mwa kijiji, macho mekundu. Sasa ebu mwangalie nyanya yako. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepulizia moto wa kuni tangu akiwa msichana. Anaishi peke yake kwa sababu sisi tumehamia Ukunda na Mombasa.

Hapa Kwale, na kwa majirani zetu Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Wengine wamekatwa kwa mapanga, wengine wamechomewa nyumba. Viongozi na watetezi wa haki wamesema kwa miaka mingi kwamba nyuma ya nyingi ya shutuma hizo kuna shamba linalotakiwa kurithiwa au kuuzwa. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia makwao ili wasiuawe na jamaa zao wenyewe.

Kutoka Shimoni, vuka mkondo uende Pemba. Huko, mwaka wa 1995, habari za Popobawa zilienea kisiwani, kisha zikafika Unguja hadi Dar es Salaam. Watu waliogopa kulala ndani, wakawa wanakesha nje kwa makundi wakiwa wamewasha moto. Kwa mbali ni kama kisa cha kusimulia barazani, na leo wengi wanakicheka. Lakini katika hofu hiyo, mtu mmoja kutoka bara, mgonjwa wa akili aliyekuwa Zanzibar kutafuta matibabu, alivamiwa na umati ukamuua ukidhani ndiye Popobawa. Alikuwa ametoka kwao akitafuta dawa.

Tofauti iko hapo. Muvi ina mwisho. Majina yanapanda, mtu anawasha taa, mnakumbushana nani alipiga yowe kubwa kuliko wote. Uvumi hauna mwisho. Hauna mwelekezi wa kusema basi, na anayeumia hainuki akafutwa rangi ya damu.

Kwa hivyo ukichagua muvi ya kutisha, jiulize swali moja la ziada: humu ndani, nani amefanywa jitu? Get Out inatisha kwa sababu jitu lake ni wenyeji wapole wanaokukaribisha chai. Us inatisha kwa sababu jitu lina sura yako. Mwandishi wake alijisumbua. Lakini muvi inayomwekea bibi kizee unga usoni na kumwambia acheke, hiyo imechukua njia ya mkato, na njia hiyo inapita mlangoni kwa mtu.

Na siku ikiingia kwenye grupu lenu la WhatsApp ile video ya "mchawi kanaswa alfajiri", tulia kwanza. Huenda ni mzee aliyepotewa na kumbukumbu, akatoka nyumbani usiku na hajui njia ya kurudi. Hiyo si muvi. Usiisambaze. Mpigie simu mtu wa karibu na pale, au chifu, au polisi, kabla umati haujajaa.

Tukirudi kwenye raha zetu, wikendi hii anzeni na Get Out na mmoja wenu awatafsirie wengine onyo la mwanzo. Kisha Jaws, mkipenda bahari. Us iwe ya mwisho, na mwenye kulala karibu na dirisha ajijue.

Nawe unayesema unataka kutengeneza yako kwa simu pale Msambweni, usianze na mizimu kwenye Kaya Kinondo. Kaya ni mahali pa heshima, na hadithi haijakosekana. Anza na bibi mwenye ekari tatu karibu na bahari. Usiku mtu asiyejulikana anabandika karatasi mlangoni pake: ondoka, mchawi. Asubuhi wajukuu wanakuja kumpa pole, na mmoja wao hamtazami usoni. Muziki uwe kidogo. Usituonyeshe mapema nani aliandika ile karatasi. Tukishafika mwisho, tuone mkono wa jitu lenyewe, safi, hauna kucha ndefu wala manyoya, umeshika kalamu na hatimiliki ya shamba.