Mashine ya kuoshea zulia: usitazame wati, pima maji

Wiki chache kabla ya Ramadhani, pale Michenzani huna haja ya kupanda ngazi kujua nani anafanya usafi. Tazama juu tu. Mazulia yananing'inia kwenye kuta za roshani, yanachuruzika, na wapita njia wanakwepa matone.

Shangazi yangu anakaa ghorofa ya tano katika majumba hayo. Mwaka huu kapokea upatu wake, akasema basi, hateremshi tena zulia la futi 7 kwa 10 kwenda kulisugua chini. Anataka mashine. Dukani kaoneshwa tatu, na kila moja muuzaji kaisifia kwa wati zake. Akanipigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nambie, wewe si ndo msomi wetu? Nichukue ya wati 1400 au ya 2000?"

Nilitaka nimjibu pale pale, nikajikuta sina jibu. Baadaye nikagundua kwamba wati hazikuwa jambo la kuulizia. Na kukosea hapa si kupoteza pesa za upatu tu, maana mjukuu wake anayelala sebuleni kwenye zulia hilo ana pumu. Kama na wewe unafikiria kununua mashine hizi, soma kwanza kabla hujatoa pesa.

Ndani ya zulia mna nini?

Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni mkavu: mchanga, vumbi, nywele, vipande vya ngozi zetu wenyewe. Mchanga wa pwani yetu una chembe nyingi za matumbawe na magamba ya kombe. Hauyeyuki kwenye maji ya sabuni. Ukiulowesha kabla ya kuuondoa, unapata tope, na tope linashuka chini kwenye mizizi ya nyuzi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: fyonza vumbi kukavu, ndo uoshe.

Halafu kuna wakaazi wasioonekana, yaani utitiri wa vumbi. Hawaumi. Tatizo ni vinyesi vyao, ambavyo vikivutwa kwa pumzi huweza kuamsha pumu. Wadudu hawa hawana haja ya kutafuta maji ya kunywa, wanafyonza unyevu wa hewani, na hustawi pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 50. Unguja, na hasa wakati wa masika, tumevuka kiwango hicho kwa mbali. Zulia likibaki bichi kwa zaidi ya siku moja au mbili, na ukungu nao unaanza kuota.

Umeona mambo yanakoelekea? Mashine inayosugua vizuri lakini ikaliacha zulia bichi inaweza kumzidishia maradhi yule mtoto uliyetaka kumsaidia.

Hesabu ya sebule

Nyumba nyingi za zamani za mwambao zilikuwa na ua. Unaosha, unaanika, jua linamaliza kazi. Majumba ya Michenzani yalitokana na mpango wa mji uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960, na mtu wa ghorofa ya tano hana ua. Zulia likioshwa kwa mashine, linakauka hapo hapo sebuleni. Sasa tupige hesabu.

Hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba kama gramu 30 za mvuke kwa kila mita moja ya ujazo. Hapo imeshiba. Ikiwa unyevu wa hewa ni asilimia 80, jambo la kawaida kwetu, imeshabeba gramu 24. Nafasi iliyobaki ni gramu 6 tu.

Chukua sebule ya mita 4 kwa 4, dari mita 2.8. Ujazo wake ni karibu mita 45. Zidisha kwa 6, unapata gramu 270, yaani robo lita na kidogo. Basi! Ukifunga madirisha, hewa yote ya chumba hicho haiwezi kuchukua hata nusu lita. Mashine ikiacha lita 2 ndani ya zulia, hewa yote ya sebule lazima itoke na iingie mpya zaidi ya mara 7. Ndiyo maana feni peke yake ndani ya chumba kilichofungwa haisaidii sana. Inazungusha hewa ile ile iliyokwisha kushiba.

Kuna na hesabu ya nishati. Kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kunahitaji joto la karibu uniti 0.67 za umeme. Kwa nishati hiyo hiyo, mota ya wati 1400 ingefanya kazi kwa dakika 28 hivi, na ndani ya dakika chache tu inaweza kuyavuta maji hayo yakiwa bado maji. Kukausha kwa kufyonza ni rahisi mno kuliko kukausha kwa kungoja.

Wati zinasema nini?

Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni umeme unaoingia, si kazi inayotoka. Mashine yenye kipasha maji ndani inaweza kuonesha wati nyingi, kumbe sehemu kubwa inakwenda kwenye joto. Umoja wa Ulaya uliwahi kuweka kikomo kwa vifyonza vumbi vya majumbani, wati 1600 mwaka 2014, kisha 900 mwaka 2017, na watu wakaendelea kusafisha nyumba zao.

Kufyonza kwenyewe kunategemea vitu viwili. Kwanza ni tofauti ya kanieneo, inayopimwa kwa kilopaskali. Fikiria unavyokunywa dafu kwa mrija. Wewe unapunguza hewa mdomoni, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji juu. Kilopaskali 20 zinatosha kuyainua maji kama mita 2. Pili ni wingi wa hewa inayopita kwa sekunde, kwa sababu hewa hiyo ndiyo inayobeba matone kutoka kwenye nyuzi. Boksi likitaja vyote viwili, linganisha hivyo. Likitaja wati peke yake, bado hujaambiwa kitu.

Aina utakazokutana nazo

Kifyonza vumbi cha kawaida kinatoa uchafu mkavu tu. Usikiingize maji hata kidogo, mota yake itaharibika na unaweza kupigwa na umeme.

Mashine ya mvuke inaua utitiri pale mvuke wenyewe unapogusa, lakini haiondoi mchanga wala vinyesi vyao, na mvuke ukipoa unageuka maji yanayobaki ndani. Angalia pia jina, kwa sababu baadhi ya mashine zinazoitwa za mvuke zinanyunyiza maji ya moto tu.

Mashine ya brashi na sabuni inasugua vizuri sana. Kama haina sehemu ya kufyonza maji, kazi ya kukausha unaachiwa wewe.

Mashine ya kunyunyiza na kufyonza ina matangi mawili, la maji safi na la maji machafu. Za kusimama zinafaa zulia zima. Zile ndogo za mkononi ni za madoa, kama juisi ya ukwaju iliyomwagika au ngazi na makochi. Ukiosha zulia la futi 7 kwa 10 kwa ile ndogo, utakesha.

Mwisho kuna pipa linalofyonza vikavu na vibichi. Halinyunyizi, lakini ukiwa na chupa ya kunyunyizia na brashi ya mkono, kazi inakwenda. Kabla ya kuosha linatoa mchanga, baada ya kuosha linatoa maji.

Tazama na zulia lenyewe. Yale ya nyuzi za plastiki yaliyojaa madukani hayanywi maji karibu kabisa, maji yanakaa katikati ya nyuzi na mashine nzuri inayatoa. Sufu ni jambo jingine. Inaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake na bado ukiigusa ukadhani ni kavu.

Maji yetu na povu

Unguja imekaa juu ya mawe ya chokaa. Maji ya visima vyetu mengi ni magumu, na ushahidi ni yale magamba meupe ndani ya birika lako. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa hiyo inatengeneza utando unaonata. Ukibaki kwenye zulia, unakamata vumbi jipya, na baada ya wiki mbili unalalamika mashine ni mbovu. Sabuni ya unga haigandi sana na chokaa, lakini ina povu jingi, na povu likijaa kwenye tangi la maji machafu linaweza kufika kwenye mota. Tumia sabuni ya zulia isiyo na povu jingi, kidogo tu, kisha pitisha maji matupu.

Na ukinunua iliyotumika, soma kibandiko cha volti. Zanzibar tuna volti 230, Dubai pia. Mashine ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka hapa bila ya transfoma inayoimudu, huna mashine tena.

Jaribio la jagi

Mwaka 1901, mhandisi wa Uingereza Hubert Cecil Booth aliona mashine iliyopuliza vumbi badala ya kulivuta. Akaweka leso juu ya kiti na kufyonza kwa mdomo wake mwenyewe, aone kama wazo la kufyonza lina maana. Leso ikabaki na alama ya vumbi. Mwaka huo huo akasajili hataza ya mashine yake. Na wewe jaribu kwanza, ndo uamini.

Nenda dukani na jagi lenye alama za lita na kipande cha zulia. Tia lita 2 kwenye tangi la maji safi. Nyunyiza yote kwenye zulia, fyonza, kisha pitisha polepole mara mbili bila kunyunyiza. Mimina maji machafu kwenye jagi. Tuseme yamerudi lita 1.6. Hiyo ni asilimia 80, na umebakiwa na nusu lita pungufu kidogo ya kukausha. Tuseme mashine ya pili imerudisha lita 1. Lita nzima imebaki ndani, na ile hesabu ya sebule unaijua. Kwa pipa, nyunyiza lita 2 hizo kwa chupa, mengine yote yale yale. Muuzaji akikataa jaribio, omba kuazima mashine ya jirani ya aina hiyo kabla ya kuamua.

Siku ya kuosha nyumbani, anza asubuhi ya jua, fungua madirisha ya pande mbili, feni ielekee dirishani isukume hewa nje. Mtoto alale chumba kingine mpaka zulia likauke hadi chini. Mwenye pumu asiwe ndiye anayeosha, na mashine isichukuliwe kuwa badala ya dawa aliyopewa na daktari.

Nilipomaliza kumueleza, shangazi alinyamaza kidogo. "Kumbe natafuta mashine ya kukausha, si ya kuosha." Siku ya pili alishuka na jagi lake la juisi mkononi, na jirani wawili wa ghorofa yake nyuma yake. Wameona kitu cha kutumia mara tatu au nne kwa mwaka hakina haja ya kununuliwa na kila nyumba. Watachanga.