Mutu wa chini ya maji na mutu wa chini ya udongo

Mutu mwenye kazi yake ni kupiga filme chini ya bahari, siku yake haianzi ndani ya maji. Inaanza ku meza, na joint ya mupira. Kamera yake inakaa mu kisanduku cha aluminium chenye kufungwa kabisa, na kati ya maji ya chumvi na ile masini ya bei kali kuko paka ile joint, nyembamba sawa kamba ya kiatu. Unywele moja, chembe moja ya muchanga, maji inaingia na kamera inakufa. Kwa hiyo, mbele ya chai, anaitoa, anaipangusa, anaipaka mafuta kidogo, anaizungusha ku mwanga mpaka amalize muzunguko muzima. Fundi wa pompe ku mugodi atamuelewa bila kuambiwa mara mbili.

Tumuweke fasi moja, tusiseme mu hewa. Tumuweke Mafia, kisiwa cha Tanzania, kusini ya Dar es Salaam, mbele ya fasi muto Rufiji unaingia mu bahari. Toka 1995 bahari ya pale ni hifadhi ya serikali, ya kwanza ya namna ile mu Tanzania. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka mu mwanzo wa mwaka, mbele ya muji wa Kilindoni kunafika papa potwe, samaki mukubwa kupita samaki wote wa dunia. Anaweza kupita metre 10, urefu wa bisi, na hana ubaya na mutu: chakula yake ni vijidudu vyenye kuelea. Wageni wanatoka mbali kuja kumuona. Wenyeji nao wamepata kazi mule: kuendesha mashua, kujaza hewa mu chupa, kuongoza wageni chini, na wengine kushika kamera.

Watoto wetu wa Katuba na Ruashi wanaangalia zile filme ku televisheni, wanasema: ile njo kazi, kuogelea na kulipwa! Mi niko délégué wa syndicat, sijui hata kuogelea. Nimeifuata ile kazi kwa kusoma na kuuliza, na kitu chenye kilinishika si samaki. Ni namna ile watu wanahesabu hewa.

Kuko jambo yenye watu wa Kipushi watashangaa. Ile shimo ilifunguliwa 1924, na watu walishuka mpaka kiwango cha metre 1.150. Kule chini joto iko, vumbi iko, lakini uzito wa hewa ku kifua unazidi ule wa inje kidogo tu, hata robo haifike. Mu maji ni ingine: metre 10 tu, uzito unakuwa mara mbili. Metre 20, mara tatu. Metre 30, mara ine. Sasa tushike chupa ya litre 12, yenye kujazwa mpaka bar 200. Ile ni litre 2.400 za hewa. Mutu mwenye anatumia litre 20 kwa dakika, akiwa juu, ataimaliza kwa saa mbili. Ku metre 10 ni saa moja. Ku metre 30 ni nusu saa. Na mwenye anasukuma kamera nzito kinyume cha maji yenye kutembea anapumua zaidi. Tena hana ruhusa ya kuimaliza: bar 50 za mwisho ni za kurudia, haziguswi.

Njo vile samaki wa maisha yako anaweza kutokea wakati mushale wa saa ya hewa umefika pale, na filme inakosa. Mutu anainua kidole gumba. Kwa sisi kidole gumba ni kusema « muzuri ». Chini ya maji maana yake ni « tunapanda ».

Na pale njo nilisimama kidogo. Juu ile alama inaweza kutolewa na mutu yeyote. Si mukubwa wa kazi peke yake. Hata mwenye alianza jana, hata mushika taa. Akiinua kidole, mwenzake anapanda naye, hata kama yeye bado hewa iko, hata kama mugeni amelipa pesa mingi. Hakuna mwenye anauliza sababu kule chini. Na mu vikundi vyenye kufanya kazi muzuri, hata mu mashua hakuna mwenye anacheka. Wanasema tu: tutarudi kesho.

Tuendelee na siku yake. Chini, kitu cha kwanza kupotea ni rangi nyekundu: maji inaikula. Mutu akijikata mukono ku metre 20, damu yake inaonekana sawa kijani ya giza. Juu ya ile anabeba taa kubwa, na mwenzake anazishika kwa pembeni. Wanatembea wawili-wawili, sawa sisi mu shimo. Wakati wa kupanda hawakimbii: metre 9 ao 10 kwa dakika, kisha wanasimama dakika tatu ku metre 5, wanangoja tu, wameshika kamba. Mu mashua kuko mutu mwenye hazami. Kazi yake ni kuhesabu vichwa: wangapi wameshuka, wangapi wamepanda. Wazee wa Gécamines wanakumbuka ubao wa majeton ku mulango wa shimo. Ni kintu kimoja. Jeton yenye haijarudi ni mutu mwenye hajarudi.

Mangaribi ni kusafisha. Kila kitu kinaoshwa na maji ya kisima juu chumvi inakula chuma. Kisha wanaweka batteri ku moto, kama courant iko. Kisha wanaangalia picha: siku nzima ya kazi inaweza kutoa dakika mbili zenye kufaa. Wakati wa mvua kubwa maji inachafuka, wageni wanapunguka, na pesa nayo. Masikio inauma. Mutu mwenye anazama leo haruhusiwi kupanda ndege usiku ule. Anangoja karibu saa 18. Kwa hiyo ile « kuogelea na kulipwa » ya watoto, tuiache.

Wenye wanataka samaki wa chini zaidi, kwao hesabu inakuwa kali. Wavuvi wa Comores wanamujua samaki moja wanamuita gombessa. Wenye elimu walifikiri ameisha kufa toka zamani za dinosaure, mpaka moja akavuliwa Afrika ya Kusini mu 1938, na wa pili akapatikana Anjouan mu 1952. Mutu wa kwanza kumupiga filme akiwa muzima kwake chini ni Mujerumani Hans Fricke, mu 1987, ku Grande Comore, ndani ya kasous-marin kadogo. Mu 2013 Mufaransa Laurent Ballesta na wenzake walishuka na mwili yao mpaka karibu metre 120, pembeni ya Afrika ya Kusini. Chini walikaa dakika. Kupanda kuliomba saa na saa.

Juu ya nini kupanda polepole? Ile jibu ilitoka mu mugodi, na njo sababu naandika hii habari mu hii gazeti na si mu ingine.

Mu 1839, Ufaransa, pembeni ya muto Loire, injenia Jacques Triger alitaka kufikia makaa ya mawe yenye ilikuwa chini ya muchanga wenye kujaa maji. Akajenga shimo ya chuma, akasukuma ndani hewa ya nguvu ili maji isiingie. Wachimbaji walitumika mule. Lakini wawili, kisha kazi ya saa saba, walitoka na maumivu ku viungo. Ile njo habari ya kwanza yenye kuandikwa ya ugonjwa wenye leo tunauita wa wazamiaji. Wa kwanza hawakuwa wazamiaji, walikuwa wachimbaji. Mu 1854, waganga wawili, Pol na Watelle, walieleza kama mutu haugui wakati anaingia mu ile hewa; anaugua wakati anatoka. Mu 1878 Paul Bert akaonyesha sababu: azote yenye iliingia mu damu kwa nguvu inatoka sawa povu ya chupa ya Simba yenye imefunguliwa haraka.

Mwenye alipanga hesabu ya kupanda kwa hatua, mu 1908, ni Muingereza John Scott Haldane. Mbele ya pale alikuwa ameingia mu migodi ya makaa kisha milipuko, kutafuta nini iliua watu. Alikuta wengi hawakufa na moto, walikufa na gazi ya monoxyde de carbone. Yeye njo alishauri kuteremusha ndege ndogo mu kitundu ili ianguke mbele ya mutu.

Na ile masini ya kupumulia nayo? Mu 1860, Benoît Rouquayrol, injenia wa migodi ya Aveyron kule Ufaransa, alitengeneza chombo cha kupimia hewa ili watu waweze kuingia mu shimo yenye gazi kuokoa wenzao. Mu 1864, yeye na mwana-maji Auguste Denayrouze wakakipeleka chini ya maji. Cousteau na Gagnan walikuja na yao mu 1943, na dunia ikajua jina la Cousteau. Filme yake *Le Monde du silence* ilipata zawadi kubwa ya Cannes mu 1956. Mule ndani kuko fasi wanalipua dinamiti ku matumbawe ili wahesabu samaki wenye wamekufa. Leo hakuna mwenye angeithubutu. Ku pwani ya Tanzania wavuvi wa baruti waliharibu matumbawe kwa miaka mingi, na sehemu ya ile baruti ilitoka ku migodi na ku karyere. Fundi wa kulipua akisoma hapa, ajue kilo yenye inapotea mu depo yake inaweza kufika mbali.

Kwetu Congo kuko wazamiaji pia, wenye hakuna mutu anawapiga filme. Ku muto Kasaï, upande wa Tshikapa, vijana wanazama kutafuta changarawe ya almasi. Hawana chupa. Wana kompresere yenye kukaa juu ya pirogue, na muriba wa mupira wenye kushuka mpaka mu kinywa. Kama moshi wa moteur unarudi ku fasi kompresere inavuta hewa, kijana anapumua ile gazi ya Haldane. Ba-creuseur wa kwetu wanaijua kwa njia ingine: motopompe ao groupe yenye imewekwa ndani ya shimo juu ya kuogopa wezi. Mutu analala pale chini bila kupiga kelele. Moteur inabaki inje, mbali, upande wenye upepo unaenda. Haiombi pesa ya kampuni.

Lakini kanuni yenye nataka zaidi ni ile ya kidole gumba. Code du travail ya 2002 imetupa mu kampuni kamati ya usalama, usafi na urembo wa fasi ya kazi. Fasi mingi ile kamati inakutana kupiga picha na casque mupya. Na mutu mwenye anasema « hii paa inalia, siingii » anaitwa muvivu, prime yake ya siku inakatwa, na mama ku nyumba anaona pungufu ya posho mbele hata ya kusikia sababu. Ukimukatia mutu prime, umemufunga kidole.

Mu kampuni moja ya huku tuliandika mistari tatu. Kila mutu awe na ruhusa ya kusimamisha kazi akiona hatari. Sababu isikilizwe inje, si ndani ya shimo. Na prime ya siku ile isiguswe, hata kama wakikuta hatari haikuwa. Mustari wa kwanza na wa pili vilikubaliwa na karatasi ikatiwa sahihi. Ule wa tatu walisema watausoma. Tutaurudisha ku meza mu mukutano unaokuja, na ba-délégué wa équipe ya usiku watakuwa pale.