Nyota 2 kwa Gladiator

Mwaka 2000 filamu ya Gladiator ilijaza majumba ya sinema, na mwaka uliofuata ikazoa Oscar 5, ikiwemo ya filamu bora. Roger Ebert, mhakiki wa gazeti la Chicago Sun-Times, alikuwa ameshaipa nyota 2 kati ya 4. Picha zake zina giza na ukungu, alilalamika, na wahusika wamenuna mwanzo hadi mwisho. Tuzo zilipomiminika, nyota zilibaki zilezile 2.

Ebert alianza uhakiki katika gazeti hilo mwaka 1967, na mwaka 1975 akawa mhakiki wa kwanza wa filamu kutunukiwa Pulitzer. Kilichomfikisha hata kwa wasiosoma magazeti ni televisheni, alikokaa na Gene Siskel wa gazeti hasimu, Chicago Tribune, wakibishana. Dole gumba likiwa juu, nenda kaione. Likiwa chini, baki na hela yako. Walipandishiana sauti kweli kweli, na utamu wa kipindi ulikuwa hapo.

Siskel naye alikuwa na ugonjwa wake: filamu ya Saturday Night Fever. Aliitazama mara 17, kisha akainunua mnadani ile suti nyeupe aliyoivaa John Travolta. Mtu wa namna hiyo akikuambia filamu ya dansi ni nzuri, unajua pa kupunguza.

Ebert alieleza hesabu yake ya nyota mwaka 2004, akihakiki Shaolin Soccer, vichekesho vya Hong Kong vinavyochanganya kung fu na kandanda. Anayeuliza kama Hellboy inafaa, alisema, haulizi inalinganaje na Mystic River, tamthilia ya msiba. Anataka kujua inasimama wapi kati ya filamu za mashujaa wenzake. Kama Superman ya 1978 ina nyota 4, Hellboy inapata 3 na The Punisher 2. Kwa hiyo nyota 3 za filamu ya mashujaa si nyota 3 za tamthilia ya msiba.

Mara nyingine alama zake zilipanda. Groundhog Day, ambamo Bill Murray anaamka kila asubuhi katika siku ileile, aliipa 3 mwaka 1993. Mwaka 2005 aliirudia, akakiri kwamba aliipunja, akaipandisha hadi 4. Pauline Kael wa jarida la The New Yorker hakuwa na habari ya kurudia: filamu aliiona mara moja, akaandika, basi.

Siku hizi wengi hutazama asilimia za Rotten Tomatoes, na hapo ndipo wanapopotea. Asilimia hiyo si wastani wa alama. Ni sehemu ya wahakiki walioikubali filamu, hata kwa shingo upande. Wahakiki 10 wakisema "si mbaya", inapata 100. Sita wakiizimikia na 4 wakiichukia, inaambulia 60, ingawa huenda hiyo ya pili ndiyo ungeikeshea.

Tofauti na asilimia, Ebert aliyasema yanayomkera, na kwa sababu hiyo anabishika. Die Hard ya 1988 aliipa nyota 2, hasa kwa kuudhiwa na naibu mkuu wa polisi anayekataa kila anachoambiwa. Kuhusu naibu huyo, hakukosea. Kuhusu Gladiator, giza ni kweli lipo. Lakini Die Hard kupewa nyota 2? Hapo alidhulumu.