Hotuba ya Mfalme wa Uingereza na Kura Inayoifuata

Siku mfalme wa Uingereza anapofungua bunge ndiyo siku inayoonyesha wazi jinsi mamlaka yake yalivyo madogo. Charles wa Tatu huketi kwenye kiti cha enzi katika Baraza la Malodi, taji kichwani, akasoma hotuba ambayo mawaziri wamemwandikia, ikitaja miswada mikuu ambayo serikali inakusudia kuipeleka bungeni. Kwanza humtuma mjumbe wake, Black Rod, akawaite wabunge wa Baraza la Makabwela, yaani wabunge wa kuchaguliwa, nao humfungia mlango mpaka abishe mara tatu. Ni kumbukumbu ya mwaka 1642, Charles wa Kwanza alipoingia humo na askari kuwakamata wabunge watano, akakuta wameshaondoka. Lakini uzito wa siku hiyo hauko kwenye taji wala mlangoni. Wabunge huijadili hotuba kwa siku kadhaa, kisha huipigia kura. Januari 1924 Waziri Mkuu Stanley Baldwin alishindwa katika kura hiyo, akajiuzulu, na Ramsay MacDonald akaunda serikali ya kwanza ya chama cha Labour.

Sisi wa kaunti za Migori na Homa Bay, Kenya, nasi tuna hotuba yetu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamtaka gavana alihutubie bunge la kaunti kila mwaka kuhusu hali ya kaunti. Hiyo kwa asili yake ni ripoti, hueleza zaidi yaliyokwisha kutendwa, na hakuna kura juu yake inayoweza kumwondoa gavana. Atasema mtu kwamba gavana amechaguliwa na wananchi wenyewe, na kwamba akikosea Ibara ya 181 ya Katiba, inayoruhusu aondolewe, ipo. Ni kweli, ila ibara hiyo ni ya makosa mazito, kama kuvunja Katiba au kutumia ofisi vibaya, na shauri huishia Seneti. Mpango dhaifu wa maji au zahanati hauingii humo. Mwingine atasema haya ni mambo ya mkoloni, na Kenya iliachana na Malkia tarehe 12 Desemba 1964. Taji na libaki London. Kinachotufaa ni orodha ya miswada inayotangulia kazi, na wawakilishi kulazimika kusema ndiyo au la mbele ya watu. Kila kaunti kati ya hizi mbili ina wadi 40. Mabunge ya kaunti hizo yaandike katika kanuni zao za kudumu kwamba gavana alete orodha hiyo kila mwaka, ipigiwe kura, kisha ibandikwe katika kila ofisi ya wadi. Mwulize mwakilishi wako kama ataunga mkono hoja hiyo.