Lorian: Ziwa Ambalo si Ziwa

Mzazi wa jijini akifungua ramani kutafuta ziwa la kupigia hema na watoto huko Kaskazini Mashariki, macho yake yatatua Lorian, karibu na Habaswein, pale Wajir, Garissa na Isiolo zinapokaribiana. Lakini asijisumbue kubeba ndoana! Lorian ni kinamasi, na kiangazi kikikolea hata kinamasi hicho hugeuka udongo mkavu.

Si yeye wa kwanza kuvutwa na jina hilo. Mwaka 1892 kijana tajiri wa Marekani, William Astor Chanler, alitoka Lamu na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria, wakapanda na Mto Tana. Walikuwa na habari za ziwa kubwa. Walipoufuata Mto Ewaso Ng'iro hadi Lorian, walikuta matope na mimea ya majini. Chanler aliambulia maporomoko tu, ambayo yana jina lake hadi leo.

Je, maji ya Lorian hutoka wapi? Ewaso Ng'iro huanzia Mlima Kenya na Nyandarua, ukapita Laikipia, Samburu na Isiolo, mwendo wa kilomita 700 hivi. Mto huu hauoni bahari. Huishia Lorian, na mafuriko yakizidi ndipo maji hupita Lagh Dera kuelekea Somalia.

Kwa wafugaji wa Kisomali na Kiborana, kinamasi hiki ni akiba. Nyasi zikiisha kwingine, mifugo huletwa hapa. Wakazi wa mijini hawakuyajua haya kwa urahisi, kwani serikali ya kikoloni ilikuwa imelifunga eneo la kaskazini na mgeni hakuingia bila kibali.

Sasa akiba hiyo inapungua. Huko juu mto unakoanzia, mashamba yameongezeka na kila moja linachota maji. Tangu miaka ya 1980, mto umekauka mara kadhaa wakati wa kiangazi kabla ya kufika Lorian. Anayeumia ni mfugaji aliye mwisho wa mkondo, ambaye hakualikwa kwenye mgao.

Familia inayotaka kuujua mto huu inaweza kupiga hema katika hifadhi za Samburu au Buffalo Springs, karibu na Archer's Post. Watoto wasiogelee, kwani mna mamba. Hema nalo liwekwe mbali na ukingo: Machi 2010 mto ulifurika ghafla ukazoa kambi na mahoteli ya kitalii.

Jioni, mkiketi kuyatazama maji yakipita, waulizeni watoto: haya yanakwenda kwa nani? Wakijibu kwamba kuna ng'ombe na ngamia wanaoyangoja Lorian, basi safari yenu haikuwa ya bure.