Injini ya Pikapu ya Zamani na ya Siku Hizi

Nataka kuwaeleza wasomaji habari za injini za pikapu. Jambo hili huzungumzwa sana kwetu Sombetini, na wanaolizungumza hugawanyika mafungu mawili wasikubaliane kamwe. Fungu moja husema pikapu ya zamani ni chuma na ya siku hizi ni karatasi. Fungu la pili husema ya zamani ni moshi na kelele tu. Mimi nimekaa likizo mbili katika gereji ya mjomba wangu, nikimshikia spana, na naona kila fungu limeshika nusu ya kweli.

Yafaa kwanza tujue jinsi injini ya dizeli ifanyavyo kazi. Haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu mwaka 1897, alitumia jambo ambalo kila mtu aliyejaza tairi la baiskeli amelihisi kwa vidole: hewa ikibanwa hupata moto. Pistoni huibana hewa mpaka iwe na joto kali, ndipo nozo hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Hayo hayajabadilika. Kilichobadilika ni namna ya kuingiza hewa na namna ya kunyunyiza mafuta.

Nitalinganisha injini mbili za Toyota Hilux, maana ukubwa wake ni karibu sawa. Ile iitwayo 3L, iliyotiwa katika Hilux nyingi za miaka ya 1990, ina sentimita za ujazo 2,779. Ile iitwayo 1GD, iliyoanza mwaka 2015, ina 2,755. Ya pili ni ndogo kidogo, lakini 3L hutoa nguvu za farasi 90 hivi, na 1GD tangu ilipoanza imetoa zaidi ya 170. Nguvu hizo zimetoka wapi?

Zimetoka kwanza katika hewa. 3L hujivutia hewa yenyewe, kama mtu avutavyo pumzi. Tanga au Dar es Salaam, yatosha. Lakini Arusha tuko juu, kiasi cha meta 1,400, na hewa yetu ni nyembamba. Imepungua kama sehemu moja katika nane. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, penye meta zaidi ya 2,200, upungufu wafika kama sehemu moja katika tano. Pampu ya kawaida ya zamani haitambui hayo. Huleta mafuta yale yale, hewa haitoshi, na yasiyoungua hutoka kuwa moshi mweusi, ambao akina mama wauzao ndizi kando ya barabara pale Mbauda huuvuta kutwa. 1GD ina tabo: moshi wenyewe, ukitoka, huzungusha feni ndogo ambayo huisukuma hewa ndani kwa nguvu. Kwa hiyo mlima hauisumbui sana.

Pili, mafuta. Nozo ya 3L hufunguka kwa msukumo wa mara hamsini hivi wa ule wa tairi la gari. Katika injini mpya msukumo hupita mara mia tano, na kompyuta ndiyo inayoamuru nozo ifunguke lini na kwa muda gani. Tena hainyunyizi mara moja. Hutanguliza tone dogo, ndipo mengine yafuate. Ndiyo sababu haigongi kama nyundo.

Lakini hapa ndipo penye taabu. Ili kustahimili msukumo huo, vyuma vya ndani vimekaribiana kuliko unene wa unywele, na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Maji, vumbi au mafuta ya taa yakiingia, vyasagana. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha mchezo wa kuyachanganya na dizeli, lakini dumu la kando ya njia bado ni dumu.

Jirani yetu mmoja, achukuaye vitunguu kutoka Mang'ola, alinunua pikapu mpya kwa mkopo. Siku moja alitia mafuta ya dumu njiani. Nozo zote nne zikafa pamoja na pampu. Gari lilisimama msimu mzima wa vitunguu, na marejesho ya mkopo hayakusimama. 3L ingalikohoa tu, ikasafishwa chujio, ikaendelea. Hata nozo yake ikiharibika, fundi wa Sombetini aweza kuifungua na kubadili ncha. Ya siku hizi yataka mashine ya kuipima.

Kwa hiyo, kwa njia ya Mang'ola ningechukua ya zamani, mradi maji ya rejeta yasikauke, maana kichwa cha silinda kikipata moto mno hupasuka. Kwa safari za lami kwenda Dodoma na mzigo ningechukua mpya bila kusita, kwani kwa kazi ile ile hula mafuta machache.

Mwenye nayo aangalie chini ya chujio la dizeli. Pana skrubu ndogo. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, hukaa hapo chini. Injini ikiwa imezimwa, legeza skrubu, kinga chupa nyeupe, acha yatoke mpaka uone dizeli tupu, kisha kaza.